Ukoo wenu hauna jini, una jeni!

Wiki hii nimetoka kwenye matanga Segerea, kule ndani ukishashuka mwisho wa daladala. Aliyefariki alikuwa na miaka 43. Sio mnene, sio mlevi. Mkanda wa suruali alikuwa anaufunga tundu la mwisho, na jioni alikuwa anacheza mpira na vijana wadogo. Siku hiyo aliamka asubuhi, akalalamika kifua kimembana na mkono wa kushoto una ganzi. Akasema ah, vidonda vya tumbo hivyo, akanywa maziwa akajilaza. Saa nne hayupo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni maneno ya pale msibani. Kaka yake marehemu alikufa hivyo hivyo akiwa na miaka 46. Baba yao hakufika 50. Kwa hiyo watu pale kwenye mikeka walikuwa wanahesabu kwa vidole. Mzee mmoja akasema, "Ukoo huu una jini, linakula wanaume tu." Wenzake wakaguna. Upande wa akinamama ndio ilikuwa kasheshe, maana mawifi walishapata jibu lao. Eti ni mjane! Eti alikuja na mambo yake toka kwao. Dada wa watu kajiinamia, khanga begani, hata nguvu ya kulia hana, na bado anasukumiwa jumba bovu.

Nikajiuliza kaswali kadogo tu. Huyu mjane alimfikiaje baba mkwe aliyezikwa kabla yeye hajaolewa? Na hao wanaume watatu wanachangia nini ambacho yeye hana? Jibu lake ni moja: damu. Yeye kaja na begi, hakuja na damu ya ukoo ule.

Sasa jamani, wanaume watatu wa damu moja kufa kwa kifua kabla ya miaka 50, daktari wa moyo akisikia habari hiyo haendi kutafuta jini. Anauliza: mna kolesteroli ya kurithi? Kuna aliyepimwa? Pale Segerea hakuna aliyewahi kupimwa, si marehemu, si kaka yake, si wale wadogo zao wawili waliokuwa wanabeba viti.

Kolestro wengi wetu tunaijua kwa jina. Wenye Kiswahili chao wanaiita lehemu. Ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, tena unaihitaji. Tatizo ni kwamba mafuta na maji havielewani, na damu nyingi ni maji. Kwa hiyo mwili unayapakia mafuta hayo kwenye vifuko vidogo vidogo vinavyoitwa lipoprotini. Wewe chukulia ni malori. Lori linalosumbua zaidi linaitwa LDL. Linabeba kolesteroli, linazunguka nayo mwilini, halafu linatakiwa lirudi kushusha kwenye ini. Ini lina mageti yake ya kupokea malori hayo. Wataalamu wanayaita vipokezi.

Maelekezo ya kujenga hayo mageti yameandikwa kwenye jeni. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Ukirithi nakala moja mbovu, kama nusu ya mageti hayafunguki. Malori hayana pa kushusha, yanabaki barabarani. Mkazi yeyote wa Segerea anajua barabara ya Tabata ikizidiwa magari inakuwaje, watu wanaanza kupaki pembeni. Ndivyo LDL inavyopaki kwenye kuta za mishipa ya moyo. Miaka inapita, ukuta unanenepa, njia inakuwa nyembamba. Siku moja kidonda cha ukutani kinapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba, na kipande cha moyo kinakosa hewa. Hapo ndipo mtu anaomba maziwa.

Ubaya wa hii ya kurithi ni kwamba foleni inaanza siku ya kuzaliwa. Mwenzako anayeharibu damu yake kwa kitimoto na bia kaanza akiwa na miaka 25. Wewe uliyerithi, ukifika miaka 25, mishipa yako imeshakaa kwenye foleni miaka 25. Ndiyo maana anaondoka kijana, tena mwembamba, tena mcheza mpira, na watu wanashindwa kuelewa.

Mambo haya hayajagunduliwa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1930 daktari wa Norway, Carl Müller, aliandika kuhusu familia ambazo watu wake walikuwa na kolesteroli nyingi, vinundu vya mafuta kwenye mishipa ya miguu na mikono, na maradhi ya moyo, kizazi hadi kizazi. Miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, wakiwa Dallas, Texas, wakayaona hayo mageti yenyewe, wakaonyesha kwamba kwa wagonjwa hao ni mabovu au hayapo kabisa. Mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo anayekwambia huu ni ugonjwa wa kisasa wa wenye magari, mwambie umechelewa, bwana.

Hapo najua kuna msomaji ananikatiza: "Wewe kijana, kolestro si chakula?" Chakula kina nafasi yake, sikatai. Lakini hebu tuwatazame Wamasai. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume wa Kimasai wapatao 400 huku kwetu Tanganyika. Watu hao walikuwa wanaishi kwa maziwa na nyama, chakula ambacho kingemfanya daktari wa Ulaya azimie. Kolesteroli yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno. Ni watu wa kutembea toka asubuhi mpaka jioni, hilo nalo lina mchango wake. Lakini inakuonyesha kwamba kinachoingia mdomoni na kinachosoma kwenye damu sio kitu kimoja. Mmoja anakunywa maziwa kibuyu kizima na damu yake shwari. Mwingine anakula mchicha na ugali, na damu yake imejaa malori.

Utafiti wa namna hiyo umetuachia na kirusi kimoja kibaya kichwani. Mwaka 1959 madaktari wawili wa Kampala, Shaper na Jones, waliandika kwamba Wahindi wa Uganda walikuwa na kolesteroli ya juu na moyo unawasumbua, wakati Waafrika wa pale pale walikuwa nayo ya chini, na ugonjwa huo kwao ni wa nadra. Ilikuwa kweli kwa watu wale na matoke yao. Lakini watu wakaigeuza methali: Mwafrika hana kolestro! Mpaka leo utakutana nayo, kuna hata waliosoma wanaoamini. Mtu mweusi mwenye miaka 38 akilalamika kifua, anaulizwa habari za vidonda vya tumbo, malaria, mawazo, anaondoka na dawa za kiungulia. Jeni haina habari na rangi. Kwanza Kampala ya 1959 haikuwa na chipsi mayai kila kona.

Ni wangapi wanayo? Kwa hesabu ya dunia ni kama mtu mmoja katika kila 250 hadi 300. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania milioni 61.7. Gawa kwa 300, hesabu ya darasa la saba hiyo, unapata zaidi ya watu 200,000. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000. Ujaze mara tatu, na bado kuna watu nje wanagombea tiketi. Wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Uholanzi ndio wamezidi. Kwao ni kama mmoja katika kila 100 au chini ya hapo, kwa sababu wametokana na mababu wachache waliohamia Rasi karne ya 17, na wachache hao walikuja na jeni hiyo mbovu. Wale walioana wao kwa wao, ikasambaa.

Asipotibiwa, karibu nusu ya wanaume wenye nakala moja mbovu hupata shambulio la moyo kabla ya kufika miaka 50. Wanawake inawachelewa kidogo, lakini kama thelathini kwa mia wanapatwa kabla ya 60. Ndiyo maana mnadhani jini linachagua wanaume. Halichagui! Shangazi naye anayo, isipokuwa yeye inamfikia akiwa bibi, na bibi akifa kwa moyo hakuna anayeuliza.

Halafu kuna wenye nakala mbili mbovu, ya baba na ya mama. Hawa ni wachache sana, mmoja katika laki kadhaa, lakini kwao ni noma ya kweli. Mtoto anaweza kupata shambulio la moyo hata kabla ya miaka 20. Wapo watu wa pwani wanaopenda kusema binamu nyama ya hamu. Siingilii ndoa za watu, ila kama ukoo una historia ya vifo hivi, hao mabinamu wakapime damu kabla ya mahari, kwa sababu wanaweza wote wawili kuwa wamebeba nakala ile ile ya babu mmoja.

Sasa tuje kwenye karatasi ya maabara. Hapa ndipo watu wengi tunapigwa chenga.

Mshikaji wangu mmoja wa Kimanga alinionyesha majibu yake kutoka maabara moja ya mtaani. Imeandikwa kolesteroli, mbele yake muhuri, "kawaida", basi. Akakunja karatasi akaweka mfukoni kwa raha zake. Jumla ya kolesteroli peke yake ni sawa na kuambiwa abiria waliopita Tabata Relini leo ni wengi. Waliopanda basi gani? Walikuwa wanaenda wapi? Ndani ya jumla hiyo kuna LDL ya kupaki kwenye kuta na kuna HDL inayookota mafuta na kuyarudisha. Mtu anaweza kuwa na jumla ya wastani na LDL mbaya. Mwingine jumla inasoma juu kwa sababu HDL yake ni nyingi, akatishwa bure. Kwa hiyo ukienda, sema hivi: nataka kipimo kamili cha mafuta ya damu, na LDL iandikwe kwa namba.

Ukipata namba, tazama kilichoandikwa mbele yake, maana maabara zetu hazitumii kipimo kimoja. Nyingine zinaandika mmol/L, nyingine mg/dL. LDL ya 4.9 kwenye karatasi ya kwanza ni sawa na 190 kwenye karatasi ya pili. Nimeshaona watu wanabishana kijiweni, mmoja ana 3 anamcheka mwenye 116 eti anakufa kesho, kumbe wako sawa kabisa! Ukitaka kubadilisha, zidisha ile ndogo mara 38.7.

Na hiyo 4.9 ikae kichwani. Mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 au zaidi, daktari anatakiwa kufikiria habari ya kurithi, hasa kama kuna ndugu aliyepata moyo mapema. Kabla ya kulaumu jeni ataangalia kwanza mambo mengine yanayopandisha LDL: tezi ya shingo iliyolegea, figo zinazovuja protini, baadhi ya dawa. Mama mjamzito kolesteroli yake inapanda yenyewe, asubiri ajifungue. Na aliyetoka kwenye shambulio la moyo juzi juzi, LDL yake inaweza kushuka kwa muda ikamdanganya.

Kushinda na njaa mpaka uzunguzungu wa kipimo? Zamani ilikuwa lazima. Tangu 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubali kwamba wengi wanaweza kupimwa bila kufunga. Mafuta yanayotikiswa sana na chakula ni yale mengine, trigliseridi, ambayo pombe na wanga vinayapandisha. Yakisoma juu sana utaambiwa urudi umefunga. LDL yako ya kurithi haitishwi na chapati mbili za asubuhi.

Kuna vipimo viwili zaidi ambavyo mtaani havijulikani, na kwa mwenye kolesteroli ya kurithi vina maana kubwa. Cha kwanza ni apo B. Kila lori baya lina protini moja ya apo B, moja tu, kama namba ya gari. LDL kwenye karatasi inakwambia uzito wa mzigo, apo B inakwambia idadi ya malori. Na foleni, msomaji wangu, inasababishwa na idadi ya malori. Watu wawili wanaweza kuwa na mzigo sawa, lakini mmoja kaupakia kwenye malori makubwa machache, mwenzake kwenye vipikapu mia tano. Huyo wa vipikapu ndiye mwenye hatari zaidi. Hiyo hutokea hasa kwa mwenye kisukari au kitambi.

Cha pili ndicho kinachonikosesha usingizi mimi. Kinaitwa lipoprotini a, kwenye karatasi utaona Lp na herufi a. Aliigundua Kåre Berg, Mnorway mwingine, mwaka 1963. Chukulia ni lori la LDL lililofungwa mnyororo na ndoano. Linanasa ukutani kirahisi na linasaidia kuchochea maradhi ya mishipa. Kiasi chake karibu chote unarithi, tena kwa jeni nyingine tofauti na ile ya mageti. Hakibadiliki sana maisha yako yote, kwa hiyo unapima mara moja tu inatosha. Kikizidi 50 kwa mg/dL, au 125 kwa nmol/L, ni cha juu. Duniani mtu mmoja kati ya watano anacho juu. Na sisi weusi kwa wastani tunacho zaidi ya Wazungu. Mtu akirithi mageti mabovu NA lori la ndoano, ndugu wawili wenye LDL ile ile wanaweza kuwa na safari tofauti kabisa: mmoja anafika 70, mwingine anaishia 43.

Na hapa kuna habari nzuri ya nyumbani ambayo sijui kwa nini haifundishwi shuleni. Miaka ya 1990 watafiti wa Italia wakiongozwa na Paolo Pauletto walikwenda Ludewa, siku hizi mkoa wa Njombe, wakafanya utafiti ulioitwa kwa jina la Lugalawa. Walipima zaidi ya wanakijiji 1,000. Kundi moja ni watu wa kando ya Ziwa Nyasa, samaki kila siku. Kundi la pili ni wakulima wa milimani, mboga na nafaka. Wote Wabantu, wanafanana kwa asili. Majibu yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1996: wala samaki walikuwa na kolesteroli ya wastani wa 3.5, wenzao 4.1. Zote nzuri kwa kweli. Lakini lipoprotini a, ile inayosemekana haishuki kwa chakula, ilikuwa 201 kwa wala samaki na 321 kwa wakulima, kwa miligramu kwenye lita. Mwaka 1999 wakaandika tena kwamba tofauti hiyo haikutokana na aina ya protini waliyorithi. Samaki wa Nyasa wakawa wameingia kwenye majarida ya Ulaya!

Usikimbilie kununua ndoo ya dagaa. Samaki hafungui mageti ya ini yaliyozaliwa mabovu. Lakini kama unachagua kati ya samaki na supu ya utumbo, Ludewa imeshakujibu.

Damu ndiyo shahidi mkubwa, ila mwili nao wakati mwingine unatoa siri. Kaa chini ushike ule mshipa mnene nyuma ya kisigino. Kama umenenepa na una vinundu vigumu, tena visivyouma, ni mafuta hayo. Angalia na migongo ya vidole. Duara la kijivu kuzunguka mboni ya jicho kabla ya miaka 45 nalo ni la kumuonyesha daktari, ingawa kwetu weusi wazee wengi wanalo tu bila ugonjwa. Na usipokuwa na alama yoyote usishangilie, wengi hawana.

Kuna tiba? Ipo, tena ilitoka kwenye ukungu! Mjapani Akira Endo alianza mwaka 1971 kutafuta kwenye maelfu ya ukungu na kuvu kitu cha kuzuia mwili kutengeneza kolesteroli. Akakipata kwenye ukungu wa aina ile inayoota kwenye nafaka. Mwaka 1978 daktari wa Osaka akampa msichana wa miaka 18 mwenye kolesteroli ya kurithi. Ndiyo asili ya dawa zinazoitwa statini, na ya kwanza kuuzwa iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Leo famasi za Dar zina atorvastatini kibao. Dawa hii inaibana kazi ya ini ya kutengeneza kolesteroli, ini likiona limepungukiwa linafungua mageti mengi zaidi yale mazima. Kwa mwenye ugonjwa huu lengo ni LDL ishuke angalau nusu. Mara nyingi kidonge kimoja hakitoshi, anaongezewa cha pili kinachoitwa ezetimibi. Lipoprotini a yenyewe statini haiishushi, ndiyo maana mwenye nayo juu anabanwa zaidi kwenye LDL, presha na sigara.

Msinunue wenyewe lakini. Kuna dozi, kuna kuangalia ini na misuli, na mama anayetaka kushika mimba azungumze na daktari kwanza. Na kuna ugonjwa wetu wa kitaifa: mtu anakunywa miezi mitatu, anapima, LDL imeshuka, anasema nimepona, anaacha. Mageti hayajapona! Yule bwana wa kipaza sauti kwenye daladala anayeuza kitunguu saumu cha kuzibua mishipa hana cha kukusaidia hapo, hata akiongea vizuri namna gani.

Ipo pia sindano, na mizizi yake kwa sehemu ni ya watu weusi. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na Kanada waligundua protini iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuvunja mageti ya ini. Baadaye Dallas hiyo hiyo wakakuta kwamba kama Wamarekani weusi 26 katika kila 1,000 wana jeni ya PCSK9 iliyoharibika, yaani mvunja mageti wao ni mlegevu. Mwaka 2006 wakatangaza kwamba LDL ya watu hao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na maradhi ya moyo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 88. Halafu akapatikana mama kijana wa Zimbabwe, nakala zake zote mbili zimeharibika, LDL yake haifiki hata 0.5, na ni mzima kama ngoma. Watu wa dawa wakatengeneza sindano ya kumfunga mikono huyo mvunja mageti, zikaruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2015. Bei yake sio ya Segerea. Lakini jeni moja inaua, nyingine inalinda, na zote ziko Afrika.

Pa kwenda papo. Anza na hospitali ya kawaida, hata Amana, upate hiyo LDL. Ikisoma vibaya omba rufaa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, ambayo inajitegemea tangu 2015. Wakazi wa upande wetu tuna unafuu, taasisi hiyo ina hospitali yake ya Dar Group pale TAZARA, Barabara ya Nyerere.

Akipatikana mmoja, kazi ndiyo inaanza. Kila ndugu yake wa tumbo moja ana nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Kila mtoto wake vile vile. Mzazi mmoja lazima anayo au alikuwa nayo, kwa hiyo na baba wadogo, shangazi na watoto wao wanaingia kwenye foleni ya kupimwa. Wenye ndoa za nje ya ukoo hawahusiki, mawifi wasikie hilo. Watoto wapimwe wasizidi miaka 10, kwa sababu dawa inaweza kuanza miaka 8 hadi 10 kwa usimamizi wa daktari, na huyo ndiye hajakaa foleni muda mrefu.

Siku hizi kila ukoo una kundi la WhatsApp la kuchangishana harusi. Litumieni kwa hili. Ujumbe uwe mfupi tu: mimi nimepimwa, LDL yangu ni kiasi hiki, daktari anasema inaweza kuwa ya kurithi, wote wa damu yetu mpime kabla ya mwisho wa mwezi mlete namba hapa. Na kila mmoja aandike kama ni mmol au mg, tusije tukaanza kubishana.